Nakala ya Kabla ya Raiyan

Mtaani kwao kumbukumbu za kila mtu huhifadhiwa kwenye ghala la data, na Mwanaidi ndiye mwenye kazi ya kuzinakili na kuzirejesha. Za majirani alizinakili kila wiki. Za nyumbani kwake alisema kesho. Kisha mumewe, Shekuwe, akaanguka kutoka juu ya paa, kumbukumbu zikamtoka. Nakala pekee iliyokuwa nzima ilikuwa ya kabla binti yao, Raiyan, hajazaliwa. Akamrejeshea hiyo.

Shekuwe aliamka akimtabasamia kama bwana harusi. Halafu akamwona Raiyan mlangoni.

“Mke wangu, mtoto wa nani huyu?”

“Wako,” Mwanaidi alijibu.

Shekuwe akamnyooshea mtoto mkono kwa adabu, kama mgeni.

Raiyan akajificha nyuma ya mama yake. “Mama,” alinong’ona, “baba atarudi lini?”