Fimbo Iliyolika Mahali Pawili

Bibi mmoja mzee wa Kifini alifariki Jumanne. Alhamisi wapwa zake walimwambia Mwadi, aliyemtunza miaka tisa nyumbani kwake mtaani Uccle, achague kitu kimoja cha ukumbusho.

"Eh, maman! Unaacha saa ya dhahabu, unabeba muti ya ufagio?" binti yake Mwadi alishangaa kuona alichochagua.

"Nyamaza, wewe. Hii ni fimbo ya mazoezi."

Baba yake bibi, mwanajimnastiki wa zamani kule Ufini, aliinyanyua tangu ujana. Bibi aliirithi, na kila asubuhi alimpokeza Mwadi naye ajaribu, akimkaripia: "Nyoosha viwiko, Mwadi! Baba angekucheka!"

Viganja vya bibi na baba yake vilikuwa vimeila fimbo mahali pawili. Mwadi aliweka vyake pale, vikaenea.

Sasa kila asubuhi, nyumbani kwake mtaani Laeken, Mwadi hunyoosha viwiko kabla ya chai.