Mkono Dirishani

Kila asubuhi Mwanakheri, mkalimani wa kliniki, alimmiminia chai Bwana Ngusa, karani wa dirisha la bima. Leo kikombe hakijajaa, Almaz, mama mgeni mjini, akaingia mbio, mwanawe mgongoni, kifua cha mtoto kikilia mluzi.

"Dada, nimerudi kama karani alivyosema," Almaz alimwambia Mwanakheri kwa lugha ya kwao.

Ngusa hakuwa amesema hivyo. Jana alifoka kwamba kadi za matibabu si za wageni. Mwanakheri, kwa haya na huruma, akatafsiri: "Anakuomba uje kesho." Juzi pia alitafsiri hivyo.

"Huyu tena?" Ngusa akasonya. "Mwambie sisi si baba zao."

Almaz alitabasamu kwa adabu. "Anasemaje, dada?"

Mwanakheri alimtazama mtoto. Kila alipovuta pumzi, mbavu zilibonyea.

"Anasema hawakutaki," akamwambia. "Na jana alisema hivyohivyo. Mimi ndiye niliyekuficha ukweli."

Tabasamu la Almaz likazimika. Ngusa akavuta kioo cha dirisha kukifunga. Mwanakheri akapenyeza mkono. Kioo kikambana vidole.

"We binti, una wazimu? Toa mkono!"

"Sitoi." Sauti ilimtetemeka, lakini foleni nzima ilisikia. "Sheria inampa kadi kila mtoto anayeishi mji huu, mama yake awe ametoka popote. Unaijua, kaka Ngusa. Humkatazi kwa sababu haruhusiwi. Unamkataza kwa sababu unamchukia."