Vita vya Simu, Ghorofa ya Tatu

Kikao kilikuwa hakijamaliza hata dakika kumi, na mhandisi waliyempachika jina la Kipara alikuwa ameshamwita mwenzake tapeli mara mbili.

"Mara ya tatu niandikie barua," mwenzake akajibu bila kuinua macho. "Niitundike sebuleni."

Huyo mwenzake alikuwa mwanamke mwembamba ambaye ofisi nzima ilimwita Dada Sindano, na si kwa sababu ya wembamba.

Kampuni ilikodisha viti na mahema ya sherehe, na wateja waliagiza kwa simu. Kipara na wenzake wawili walishughulikia programu ya simu za kawaida, zile za watu wengi. Dada Sindano na wenzake wawili walishughulikia ya simu za bei mbaya, zile ambazo mwenye nazo akikaa tu huziweka mezani zionekane. Katikati ya kambi hizo mbili lilisimama kabati la mafaili, na hakuna aliyelivuka ila kwa kwenda kugomba. Juu ya kabati palikuwa na bango: HAPA HAKUNA BOSI. Chini ya maneno hayo, sahihi ya Bosi.

Bosi mwenyewe alikuwa amerudi kutoka semina na misemo mipya mitatu na mshauri mmoja mwenye suti ya kubana. Mshauri akasimama mbele, akaonyesha mchoro uliojaa mishale.

"Mnaandika kitu kilekile mara mbili," akasema. "Siku hizi msimbo, yale maandishi yanayoendesha programu, unaandikwa mara moja, unafanya kazi kwenye simu zote. Watu watatu wanatosha."

Hakusema wengine watatu wataenda wapi. Hakuna aliyeuliza, maana walishaona. Mwaka juzi vitengo viwili vya huduma kwa wateja viliunganishwa, na kabla ya saa sita mchana watu wanne walikuwa kwenye lifti wamebeba maboksi yao. Jioni Bosi akatuma ujumbe: "Familia yetu imepungua, lakini imeimarika." Akaweka na kimoyo.

Mzee wa Majaribio wa kambi ya Kipara, ambaye kazi yake ilikuwa kubonyeza kila kitufe mpaka kiharibike, na aliyebakiza miaka miwili tu astaafu, akatazama viatu vyake. Mama Pacha wa kambi ya Dada Sindano, aliyetoka likizo ya uzazi Jumatatu ile, akaacha kuandika.

"Swali ni moja," akasema Bosi. "Msimbo wa nani ubaki?"

"Wangu," wakajibu wote wawili.

Kipara akasimama. "Bosi, nikwambie ukweli. Msimbo mmoja wa simu zote ni sawa na kununua viatu vya saizi moja kwa wafanyakazi wote. Kila mtu atavaa, na ofisi nzima itachechemea. Lakini ukilazimisha, basi usiwe wa huyu. Mle ndani mna vitu hata yeye hajui vinafanya nini. Anaviacha kwa woga."

"Na wako je?" akadakia Dada Sindano. "Siku nitakayougusa, nitaomba chanjo kwanza."

Mshauri akakohoa. "Kuunganisha kutachukua muda gani?"

"Miaka miwili," akasema Kipara.

"Mitatu," akasema Dada Sindano. "Wa kwanza wa kusafisha uchafu wake."

Mshauri akapekua karatasi zake, akakunja uso. "Kuna jambo silielewi. Mwezi uliopita bibi harusi mmoja aliagiza mahema manne, akaletewa arobaini. Siku hiyohiyo, mteja mwenye simu ya aina nyingine aliagiza viti hamsini, akaletewa mia tano. Kosa lilelile, siku moja, kwenye programu mbili tofauti. Inawezekanaje?"

Kipara akamtupia jicho Dada Sindano.

"Kaniibia!" Dada Sindano akaruka kutoka kitini. "Nilijua tu! Kaniibia msimbo pamoja na makosa yake!"

"Nikuibie nini, wewe? Umaskini?"

"Bosi, sikai chumba kimoja na mtu huyu. Hesabuni nimeacha kazi."

"Umechelewa, mimi nimeacha kabla yako!"

Kiti kikaanguka. Kalamu ikaruka, ikatua kwenye chai ya mshauri. Bosi akapiga meza kwa viganja viwili. Zilibaki wiki sita msimu wa harusi uanze, na bila hao wawili hakuna aliyejua hata nywila za kuingilia kwenye programu.

"Basi jamani, basi! Kila mtu abaki na lake, na watu wake!" Akamgeukia mshauri. "Hawa huwezi kuwaunganisha hata kwa gundi."

Mshauri akakunja mishale yake, akasindikizwa mpaka kwenye lifti. Mzee wa Majaribio akashusha pumzi ndefu kama tairi lililopata msumari.

"Ila nina jambo dogo," Bosi akasema akiwa mlangoni. "Mteja akifungua programu, nataka asalimiwe: Karibu nyumbani. Kwenye simu zote. Litachukua muda gani?"

"Nikijitahidi, wiki tatu," akasema Kipara.

"Kwangu nne," akasema Dada Sindano. "Mimi hufanya kazi kwa makini."

Saa saba wenzao walipokwenda kula, Kipara alikwapua kompyuta yake, akaingia stoo ya karatasi na kufunga mlango kwa ndani. Dada Sindano alikuwa ameshakaa juu ya boksi, simu mbili mapajani, moja ya kila aina.

"Umaskini?" akamwuliza.

"Samahani, dada. Ilinitoka."

"Mshauri yule ana macho. Nilidhani leo tumekwisha."

Kipara akafungua kompyuta, akaandika maneno mawili, akabonyeza mara moja. Simu zote mbili zikawaka kwa pamoja: Karibu nyumbani.

"Wewe maliza baada ya wiki tatu," akasema Dada Sindano, akijipangusa vumbi la karatasi. "Mimi nitachelewa wiki nzima, halafu unitukane mbele ya Bosi."