Wasifu wa Kalunde

Nyanzobe alifika makaburini na kitabu chini ya kanga. Shoga yake Kalunde alikiandika miaka ishirini, kuhusu haki ya mwanamke kurithi shamba na kusikilizwa barazani. Ilibaki nakala hiyo moja, na Nyanzobe alikusudia kumzika mwenziwe nayo.

Shemeji wa marehemu akasoma wasifu. "Alikuwa mke wa kaka yetu, mama wa watoto sita, mpishi hodari." Akakunja karatasi. Basi, ikawa ndiyo imetoka; kitabu hakukitaja.

Zamu yake ilipofika, Nyanzobe alitupia konzi ya udongo tu.

"Na kitabu, mama?" akanong'ona binti wa marehemu, aliyejua kusudi lake.

"Tukikifukia, mwanangu, tutakuwa tumemzika mara mbili. Shika."

Makoleo yakaanza kufukia. Binti akafuta mikono kwenye gauni ili akipokee kitabu, akafuta tena, udongo haukutoka.