Mshindi wa Nakala ya Bure

Enzi hizo riwaya ilibandikwa nyuma ya sikio, na msomaji alihisi mwilini kila kilichompata mhusika. Ukishaianza, haibanduki mpaka iishe.

Nasra aliandika kwa jina la kubuni. Alipotangaza mtandaoni kwamba angegawa nakala moja bure, wasomaji elfu tatu waliiomba. Mmoja wao alikuwa Bi Hidaya, mama mkwe wake wa zamani, aliyemfukuza kwenye mvua akiwa na mimba ya miezi saba. Mtoto hakuishi. Riwaya nzima ilihusu siku hiyo.

Nasra hakupiga kura. Alimchagua yeye.

Siku ya nne, mke aliyeolewa baada yake alipiga namba iliyoandikwa kwenye tangazo, asijue anaongea na nani.

“Samahani, dada mwandishi. Mama mkwe wangu amekaa nje ya geti, mvua inamnyeshea. Ameshika tumbo, analia kwamba amefukuzwa, na kuingia ndani hataki. Hicho kitabu chako kinaisha lini?”

Simu hiyo Nasra alikuwa ameisubiri miaka sita. Alifungua orodha iliyoonyesha kila msomaji amefikia wapi, akaisoma mara mbili ili awe na hakika.

“Kiliisha jana,” alijibu.