Pointi Elfu Nne

"Pointi elfu nne ni sukari robo kilo, mama," alisema keshia wa supamaketi.

Bi Zamda aliipigiza kadi yake ya pointi za ununuzi kwenye kaunta. "Miaka sita! Miaka sita nalipita duka la jirani yangu Shomvi, nakuja kununua kwenu, kumbe nalimbikiza robo ya sukari?"

"Ichukue basi, mama, watu wanangoja."

Aliunyakua mfuko wa sukari akatoka akifoka peke yake. Shomvi hakuwa na kadi. Ukinunua kwake, alikuchotea sukari ya nyongeza kiganjani, akasema, "Hii ya watoto."

Mlango wa duka la Shomvi sasa ulikuwa na kufuli lililoshika kutu. Bi Zamda alisimama pale, akajikuta amekinga kiganja.