Mshale wa Joto

Miguu ya Tadei ilining'inia nje ya mlango wa gari, kichwa kikiwa chini ya dashibodi, tochi ameiuma kwa meno. Mpita njia angedhani fundi kamezwa mzimamzima.

Globu tatu za geji zilikuwa zimeungua. Ya nne ilikuwa hai kwa jina tu, kioo chake kimekuwa cheusi kama kilichoshika masizi ya kibatari. Miaka ya nyuma ungeweza kuzunguka Sumbawanga nzima usipate kiglobu kama hicho. Sasa biashara ilikuwa imefunguliwa, vitu vinaingia kutoka Tunduma kwa magunia, na globu zinapangwa sokoni pamoja na nyembe na peremende. Tadei alikuwa nazo mfuko mzima.

"Zote zitawaka, mama," alisema baada ya kutema tochi. "Ya mwendo, ya petroli, zote."

"Ya joto ndiyo ninayoitaka," alijibu mama Silvana, mwenye nyumba, aliyesimama mlangoni pa banda akiwa amejifunga kitenge hadi shingoni kwa ajili ya upepo. "Hizo nyingine hata ukiziacha."

Tadei akacheka. "Dereva gani huyo asiyejali petroli?"

Mama Silvana hakucheka.

Tadei alipouliza betri iko wapi, mama akaingia ndani akatoka na ile ya redio, ameikumbatia. Jioni huwa wanaihamishia garini, alisema. Tadei hakuona ajabu. Wengi mjini walikuwa na betri moja kwa kazi zote, na dansi likinoga sebuleni, gari hulala. Akaiweka chini ya kiti, mahali ambapo nyaya zilikuwa tayari zinaning'inia.

Akaisugua arthi, ncha ya waya inayoshika bodi, kwa msasa hadi ikang'aa. Akafungua geji ya joto, akafuta vumbi la miaka, akaipaka ndani rangi nyeupe ili mwanga usipotee. Alipobonyeza swichi, uso wa geji ukawaka wote. Mshale ulikuwa umelala chini kabisa, mahali pa baridi.

"Tazama kazi hiyo, mama! Hata mwenye mtoto wa jicho atauona."

"Afadhali," alisema mama Silvana. "Maana mume wangu, baba Evodia, anao ugonjwa huo, macho yote mawili."

Bisibisi ikamponyoka Tadei.

"Na anaendesha?"

"Kila jioni. Anateremka Kaoze."

Tadei aliujua mteremko ule wa kushuka bondeni. Madereva wenye macho mazima huushuka kwa gia ya kwanza na sala. Akajitoa chini ya dashibodi, akakaa kitako juu ya kizingiti cha mlango wa gari.

"Mama, samahani, wewe ni mzazi wangu. Lakini utamwua mzee."

Mama Silvana akakaza kitenge shingoni. Kisha akasema, akitazama geji badala ya kumtazama fundi:

"Binti yetu Evodia aliolewa Kaoze. Ikaja habari kwamba uchungu umemshika siku ya pili na mtoto hatoki. Baba yake akaondoka jioni hiyohiyo kwenda kumchukua, amlete hospitali. Taa za geji zilikuwa hafifu, hakuuona mshale ukipanda. Gari likachemka vilimani, injini ikakwama kabla hata ya mteremko. Akamalizia kwa miguu. Alipofika, walikuwa wameshamfunika shuka."

Upepo ukaligonga bati la banda. Tadei hakujua aweke wapi mikono yake yenye rangi.

"Tangu hapo anakwenda kumchukua. Kila jioni. Asipouona mshale, anasema gari linachemka, anashuka, anaondoka kwa miguu. Juzi watu wa Kasense walimwokota shambani, peku, baridi imemkausha, hata jina lake hawezi kulitaja. Nikadhani ndiyo nampoteza. Lakini akiuona mshale uko chini, anatulia mpaka safari iishe. Ndiyo maana nimekuita, mwanangu."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Tadei hakuwa bado na mtoto. Alimhurumia mama huyu. Hata hivyo, alishaamua. Angechomoa waya mmoja tu mbele, gari ligome, kisha aseme limeshindikana. Mama amkasirikie anavyotaka. Kukasirikiwa kuna nafuu kuliko kuja kumchimbia mzee kaburi.

Hakuwahi. Baba Evodia mwenyewe, mzee Urbano, alitoka ndani amevaa koti zito na kofia ya sufu, anapapasa ukuta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mmemaliza? Evodia ananisubiri."

Mama Silvana akamshika mkono, akampandisha kwenye usukani. Kisha akazunguka, akapanda upande wa pili na kutandaza blanketi juu ya magoti yao wote wawili.

"Na wewe unakwenda, mama?" Tadei aliuliza.

"Siku zote. Nimwachie nani?"

Mzee Urbano aliinama hadi pua ikakaribia kioo cha geji. Alitazama kwa muda mrefu. Taratibu, uso wake wote ukalegea, akatabasamu.

"Uko chini, mama Evodia. Leo tutawahi."

Mkono wake ukaenda kwenye ufunguo.

"Mzee, subiri!" Tadei alipiga kelele. Alitupa mfuko wa globu, akakimbilia mbele ya gari, akalinyanyua boneti kwa nguvu zake zote, mkono tayari umenyooka kuchomoa waya.

Hamkuwa na waya. Hamkuwa na injini. Juu ya majani makavu, kuku alikuwa ameatamia mayai yake, akamtazama fundi kwa jicho moja bila kuinuka.